Mama Naserian na Njia ya Tanga

Ninyi mnaopandia treni hapa hapa Arusha, mkakaa dirishani na kusinzia mpaka Korogwe, nitegeeni sikio kidogo. Sitaki kuwagombeza. Mimi mwenyewe niliwahi kupita njia ile mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, macho yangu yakiwa wazi, na sikuona kitu.

Nilikuwa mtu wa breki katika reli ya Tanga, enzi za Mjerumani. Wakati huo reli ilikomea Moshi. Mtu wa Arusha aliyetaka kuipanda alitembea siku tatu kwanza, akavuka mito ya Usa, Kikafu na Weruweru kwa miguu, ndipo akaliona gari moshi. Mimi nilishuka Moshi kubeba mataruma ya reli ilipokuwa inajengwa, nikabaki huko huko. Watu wa pwani walishindwa kulitamka jina langu, Loserian, wakaniita Meru, kwa jina la mlima wa kwetu, na mpaka leo nikikutana na mzee yeyote wa reli ananiita hivyo.

Leo dereva anavuta mkono mmoja na treni nzima inashikwa. Zamani hapakuwa na hilo. Kwenye kichwa cha kila behewa la abiria, na kwenye mabehewa machache ya mizigo, palikuwa na kibaraza chenye gurudumu la chuma, na mtu amesimama hapo. Dereva akipiga filimbi fupi tatu, sote tunazungusha gurudumu kwa nguvu mpaka breki zinabana. Akipiga ndefu mbili, tunalegeza. Basi. Kazi ya mikono na masikio, ndivyo nilivyodhani.

Mwezi wangu wa kwanza nilikaza breki kwenye mteremko wa baada ya Muheza, nikasahau kulegeza. Nilikuwa nawaza chakula. Magurudumu yakakataa kuzunguka, yakaburutwa juu ya reli yakitoa moshi, na lile nililokuwa juu yake likachongwa bapa upande mmoja kama kisigino cha kiatu kilicholika. Tangu hapo behewa lile lilipiga ta-ta-ta, ta-ta-ta, njia nzima. Mzee Mdoe, Mbondei wa Muheza aliyekuwa mkubwa wetu watu wa breki, hakunipiga wala hakunishtaki. Aliomba tu nipangiwe behewa lile lile mpaka litengenezwe. Nilikaa nalo safari nne. Hata nikiwa nimelala kitandani Moshi, kichwa changu kiliendelea kupiga ta-ta-ta.

Mzee Mdoe alikuwa mtu mfupi, mtaratibu, mwenye kofia aliyoifua kila Alhamisi. Ndiye aliyenifundisha kwamba ukitoka Moshi asubuhi usikae upande wa kushoto, utaunguzwa na jua. Kwamba injini ya kuni hurusha cheche, kwa hiyo shati jeupe ni la kuvaa ukishafika. Na kwamba ukitazama majani ya karibu na reli utatapika, lakini ukitazama milima tumbo litatulia. Alinifundisha na jambo moja ambalo sikulishika. Alisema mtu wa breki anayengoja filimbi amechelewa. Inatakiwa ujue mteremko unakuja kabla dereva hajapiga, kwa kutazama mahali ulipo. Nikasema ndiyo, mzee. Nikaendelea kungoja filimbi.

Sasa nifike kwa Mama Naserian.

Asubuhi moja karani wa stesheni ya Moshi aliniita, akanionyesha mwanamke mmoja wa Kiarusha aliyesimama peke yake mbali na watu, amejifunga ngozi iliyolainishwa vizuri, shanga shingoni, kibuyu mkononi. Umri wake kama wa mama yangu. Karani alisema mama huyu hajui Kiswahili, anakwenda Tanga, na katika wafanyakazi wote wa treni hii ni mimi tu ninayesema Kimasai, kwa hiyo yuko mikononi mwangu.

Nilimwendea nikamsalimu kwa heshima ya kwetu, "Yeyo, takwenya." Akaitikia, "Iko," na nikaona mabega yake yameshuka kidogo, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Alinieleza habari yake kwa maneno machache. Walikaa upande wa Kisongo. Mumewe, Mzee Lembris, aliajiriwa kuwasindikiza ng'ombe wa mfanyabiashara mmoja mpaka Tanga, maana ng'ombe wakipanda treni wanahitaji mtu wanayemjua. Ng'ombe walifika. Wakati wa kuwashusha Mzee Lembris aliteleza, akakanyagwa, mguu ukavunjika. Miezi ikapita kimya. Halafu ikaja barua iliyoandikwa na dresa, mfunga vidonda wa hospitali, mwalimu wa misheni akawasomea: mzee wenu yuko hapa, mguu unaunga vibaya, na chakula hataki. Njooni. Wanawe wa kiume walikuwa mbali, wakichunga mifugo. Akachukua kibuyu chake akaja yeye.

Nilimpandisha daraja la tatu, kwenye behewa langu, benchi la mwisho karibu na kibaraza changu. Hakukaa. Treni ilipoanza kusogea alishika nguzo ya mlango kwa mkono mmoja, akasimama akitazama nje, na midomo yake ikaanza kucheza. Nilidhani anaomba. Nilipotega sikio nikasikia anataja vitu. Majani marefu, ng'ombe wangeshiba hapa. Mto wenye miti ya vichwa viwili, alimaanisha mikoche ya Kahe. Mlima kama ng'ombe aliyelala, kichwa upande wa jua kuchomoza. Udongo mwekundu, hakuna maji. Kila alipoongeza jipya alirudia yote tangu mwanzo, haraka haraka, bila kuruka hata moja.

Nilimuuliza anafanya nini. Akasema anaishika njia, ili gari hili lisiporudi, aweze kurudi kwa miguu.

Wajukuu zangu, nilicheka. Na kucheka kwangu peke yangu hakukunitosha. Niliwageukia abiria nikawatafsiria kwa Kiswahili, nikiiga midomo yake ilivyokuwa inacheza, na behewa zima likaangua kicheko. Mama Naserian hakujua neno lolote nililosema, lakini nani asiyejua anapochekwa? Akanyamaza. Akakaa kwenye benchi, akaweka kibuyu mapajani, na macho yake akayashusha miguuni.

Tulipofika Same injini ilisimama kunywa maji, na Mzee Mdoe akaja kibarazani kwangu. Kicheko kile alikuwa amekisikia kutoka behewa la pili. Aliniuliza kwa sauti ya chini kabla ya daraja la Mkomazi kuna nini. Nikasema kuna daraja. Akasema, "Nimekuuliza kabla ya daraja." Sikujua. Akaniuliza baada ya Hedaru mlima uko karibu au mbali. Sikujua. Nilikuwa nimepita pale zaidi ya mara hamsini.

"Yule mama anapita kwa mara ya kwanza," Mzee Mdoe akasema, "na sasa hivi ni mtu wa breki kukuzidi wewe. Nenda kamwombe radhi, na umwombe aendelee."

Nilinunua ndizi mbili nikampelekea. Hakuzipokea mara moja. Aliniacha nimesimama na ndizi zangu, halafu akaniambia neno ambalo sijalisahau.

"Umenicheka kwa sababu unajua kesho utarudi. Mimi hakuna aliyeniambia kuwa nitarudi."

Nilimwambia kwa kweli ya moyo wangu kwamba nimekosa. Akachukua ndizi moja, ya pili akaniachia. Treni ilipoondoka nilisimama kibarazani nikingoja, na kwa muda mrefu sikusikia kitu. Tulikuwa tumekwisha kupita Makanya niliposikia tena ile sauti ndogo, majani marefu, mto wenye miti ya vichwa viwili, akianza upya tangu Moshi. Vilima vya pale aliponyamaza hakuwa navyo. Aliniuliza mimi vikoje, na mimi sikuweza kumwambia. Nafasi ile kwenye orodha yake ilibaki tupu, na mwenye kosa nilikuwa mimi.

Tulilala Buiko kama kawaida, maana treni haikutembea usiku, na siku ya pili jioni tukaingia Tanga. Kesho yake injini ilikuwa inasafishwa, nikawa na siku yangu. Nikaenda naye hospitali kumtafsiria.

Mzee Lembris alilala katika chumba kirefu chenye vitanda vingi, amegeukia ukutani. Alikuwa mtu mkubwa wa mifupa, lakini nyama ilikuwa imemwisha. Dresa, kijana wa Kidigo mwenye huruma, alinieleza kwamba mguu sasa si tatizo. Utakuwa mfupi kidogo, lakini utatembea. Tatizo ni kwamba mzee amekata tamaa. Anaweka kijiko mdomoni kuwaridhisha watu, halafu anatema wakiondoka. Akiendelea hivyo, wiki tatu ni nyingi.

Mama Naserian alikaa sakafuni kando ya kitanda. Akataja jina la mumewe. Yule mzee akageuka taratibu, akamtazama kama mtu anayeota, halafu akauliza amefikaje.

"Kwa gari moshi."

"Hata mimi." Akavuta shuka mpaka kifuani. "Nilikuwa ndani na ng'ombe. Mlango ulifungwa, sikuona kitu ila mwanga kwenye nyufa. Walipofungua nikawa hapa. Sijui hapa ni wapi, sijui nyumbani ni upande gani. Mtu hawezi kurudi mahali ambapo hajui upande wake. Rudi wewe, uwaambie watoto."

Nilidhani atalia, au atambembeleza. Hakufanya hivyo. Alijiweka vizuri pale sakafuni, akanyosha miguu yake, kama mtu anayejiandaa kupepeta mahindi, akaanza kumwambia njia.

Aliianza kinyume, kutoka Tanga. Unatoka hapa, ukiacha maji makubwa mgongoni. Kuna miti mirefu isiyo na matawi, halafu mashamba ya majani yenye miiba, yamepandwa mistari kama nywele zilizosukwa. Halafu mto mpana wenye rangi ya maziwa yaliyomwagikiwa na udongo. Halafu milima inasimama upande wako wa kulia, ukuta mtupu, na maji membamba yanateremka juu yake. Hakuongeza chumvi. Alisema kilichopo, na kila mahali alisema kama ng'ombe angepata majani, kama kuna maji, kama mtu angeweza kupumzika.

Mzee Lembris alifumba macho. Kwa muda nilidhani amelala. Halafu, mama alipofika kwenye mto fulani akasita ili apumue, yule mzee akauliza bila kufumbua macho, "Baada ya mto kuna nini?"

Mama Naserian akachukua bakuli la uji. "Kunywa, nikuambie."

Akanywa. Akaambiwa. Akauliza tena, na bakuli likasogea tena. Dresa alisimama mlangoni na dawa zake mkononi, asijue kinachosemwa lakini akiona uji unavyopungua.

Kwenye kitanda cha pili alikuwepo Mpare mmoja, mtu wa makamo, aliyekuwa ameumia mkono kwenye mashamba. Alinigusa akaniuliza mama anahadithia nini. Nikamwambia. Akaniomba nimwulize kama ameuona mlima wa kwao, ule wa juu ya Hedaru, wenye mwamba mweupe kama jino. Mama akasema ameuona. Yule Mpare akauliza mahindi ya chini yake yamefikia wapi. Nikatafsiri, na Mama Naserian akafikiri sawasawa, kama shahidi mbele ya wazee, akasema yametoa mbelewele, ila yale ya upande wa bonde yana manjano, yanataka mvua.

"Ya bondeni ni yangu," Mpare akasema. Akajifunika shuka mpaka usoni, na hatukumwuliza zaidi.

Nilitafsiri mpaka koo likakauka. Wengine waliuliza habari za Mombo, za Korogwe, za mto kama umejaa. Mimi nilikuwa mtu wa reli pale chumbani, mwenye kofia ya kazi, na hapakuwa na aliyeniuliza mimi.

Mama Naserian alikaa Tanga mwezi mzima na zaidi. Wanawake wa jirani na hospitali walimpa nafasi jikoni kwao, akawa anapika. Kila treni yangu ilipofika nilikwenda kuwatazama, na kila mara Mzee Lembris alikuwa amerudiwa na nyama kidogo mwilini. Katika safari hizo nilianza kutazama. Mwanzoni nilitazama kwa aibu, ili nijaze vile vilima vya kuelekea Makanya nilivyompotezea. Niliporudi Tanga nikampa: viwili vidogo vimesimama pamoja, halafu korongo kavu, halafu kimoja chenye mgongo wa punda. Alivirudia mara tatu, akaviweka mahali pake.

Na kazi yangu ikabadilika bila mimi kutaka. Siku moja baada ya Muheza mikono yangu ilikwisha kushika gurudumu kabla ya filimbi, kwa sababu niliona mnazi mmoja uliopinda kando ya reli na nikajua tuko wapi. Kutoka behewa la pili Mzee Mdoe alinyanyua kofia yake kidogo, akairudisha. Hiyo ndiyo sifa pekee aliyowahi kunipa.

Siku ya kurudi tulimpandisha Mzee Lembris na magongo yake mawili, tukamweka ukingoni karibu na mlango. Sasa yeye ndiye aliyetazama. Mama Naserian alikaa nyuma yake, kama mtu aliyekwisha kukabidhi kazi. Kila kitu kilipotokea mzee aliitikia kwa kichwa: minazi, mkonge, mto mpana. Alifika mahali akasema ukuta wenye maji umechelewa, ulitakiwa uje kabla ya kile kijiji. Mkewe akasema hapana, ni baada ya kijiji. Wakabishana kama watu waliokaa pamoja miaka thelathini, kwa raha, mpaka behewa zima likawa linawasikiliza, na wakanigeukia mimi niamue. Nikasema ni baada ya kijiji, na dakika chache baadaye maji yakaonekana, membamba, yakimeta. Mzee Lembris akasema, "Kumbe na wewe unajua," na sijui kama kuna siku niliyofurahi kazini kuliko hiyo.

Moshi tuliwatafutia nafasi kwenye gari la kukokotwa na ng'ombe lililokuwa linapanda Arusha. Nilipokuwa nampa Mama Naserian kibuyu chake aliniuliza mama yangu anakaa wapi. Nikasema juu ya Sakina, mlimani. Akauliza nimemwona lini. Nikasema ni miaka miwili, ila huwa namtumia salamu na wapitaji. Hakunilaumu. Alinitazama tu, muda mrefu kuliko ilivyohitajika, halafu akapanda.

Nilikwenda kwa Mzee Mdoe nikamwambia naomba siku kumi. Alisema atazungumza na wakubwa na kwamba yeye mwenyewe atanishikia gurudumu langu. Kabla lile gari halijafika mto Karanga nilikuwa nimelifikia, nikatembea kando yake siku tatu mpaka mjini. Pale tukaagana. Wao wakaendelea kuelekea Kisongo. Baadaye nilisikia kwamba mzee alichunga tena, akichechemea, miaka mingi. Mimi nikapanda mlima.

Nilimkuta mama ameketi nje, anachambua maharage kwenye ungo. Hakusimama. Nilimwinamishia kichwa akakigusa kama cha mtoto, akasema nimekonda, akanionyesha pa kukaa. Kwa kawaida ningemwambia sijambo, kazi nzuri, na mambo yangeishia hapo. Badala yake nikaanza na stesheni ya Tanga. Nikamwambia miti isiyo na matawi, mashamba yenye miiba, mto mpana na rangi yake. Nikamwambia maji membamba ya ukutani, vilima viwili vinavyosimama pamoja, Wapare na mahindi yao. Nikamwambia asubuhi za Kahe, anga likiwa safi, jinsi mlima wetu wa Meru unavyoonekana kwa mbali, mdogo, na kwamba kibaraza changu kinatazama huko.

Aliendelea kuchambua, kokoto huku, maharage huku. Nilipofika Moshi niliona mikono yake imetulia juu ya ungo, sijui tangu stesheni gani.

"Kumbe ulikuwa mahali," akasema. "Miaka hii yote nilikuwa nikikuwaza, na sikuwa na pa kukuweka."

Akasukuma ungo pembeni, akaniomba nirudie, taratibu, kuanzia kwenye mto mpana.